Sauti ya Louise Brooks

SWALI: Shikamoo Bibi. Nimeona picha ya Louise Brooks, yule wa filamu bubu mwenye nywele nyeusi zilizokatwa usawa wa masikio. Ni kweli sauti mbaya ndiyo iliyommaliza? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Huo ulikuwa uzushi wa studio. Binti huyo wa Kansas, mzaliwa wa 1906, alianzia kwenye dansi. Mwaka 1928 Paramount, studio yake ya Hollywood, walimnyima nyongeza ya mshahara. Akafungasha virago, akaenda Berlin kwa mwongozaji G. W. Pabst, akacheza Lulu, nafasi anayokumbukwa nayo hadi leo. Huku nyuma sauti ikaingia sinema. Paramount wakamwita aje kuisemea filamu aliyokwisha kuicheza bubu. Akagoma katakata! Basi midomo ikabaki ya Louise, maneno yakasemwa na mwigizaji mwingine, Margaret Livingston, na mjini ukavumishwa uvumi kwamba sauti ya Louise haifai. Jeuri alikuwa nayo, simtetei. Miaka ya arobaini alikuwa akiuza dukani New York. Uzeeni alihamia Rochester, akawa mwandishi wa makala za sinema, tena kalamu yake kali kweli. Kitabu chake kilitoka 1982, miaka mitatu kabla hajafariki.