Nyumba ya Mbagala

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ni haki, mkiachana, nyumba ya Mbagala iuzwe na mumeo apewe sehemu ndogo, kwa kuwa tangu ajali ya pikipiki ilipompooza miguu, miaka 6 iliyopita, mtafutaji ni wewe peke yako.

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama itazame mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi, pamoja na madeni na mahitaji ya watoto wadogo, kisha ielekee kwenye usawa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Kanuni hiyo ilituinua sisi wanawake, nami siwezi kukubali uikane leo kwa sababu anayeshinda nyumbani ni mwanamume. Msingi wa nyumba ile ulijengwa kwa mshahara wake, na mpaka sasa ni yeye, akiwa katika kiti chake cha magurudumu, anayewapikia wajukuu zangu na kuwasimamia masomo wakati wewe bado uko kwenye foleni ya daladala.

Ulemavu haukutajwa katika kifungu hicho. Umo katika cha 115, kinachoruhusu mke mwenye uwezo aamriwe kumtunza mume asiyeweza kujipatia riziki kwa sababu ya maradhi au majeraha. Kwa hiyo matunzo na mgawo msiyachanganye.

Linaloniuma zaidi ni nyumba yenyewe. Mlango wa choo ulipanuliwa na mteremko wa saruji ukawekwa barazani kwa ajili yake. Akipewa fedha taslimu, chumba cha namna hiyo atakipanga wapi hapa Dar es Salaam? Mwiteni mthamini aipime thamani, mumeo abaki humo, na kodi ya vile vyumba viwili vya uani iwe yako mpaka fungu lako litimie. Mkikubaliana, yaandikwe na kufikishwa mahakamani. Kuuza bila ridhaa yake ndoa ikiwa bado ipo, kifungu cha 59 kinakataza.

Mtaanzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Ofisi yao ikiwa na ngazi, ombeni kikao kifanyike hapo uani kwenu, nami nitakuja kukaa na watoto.

Ni mimi, mama yako.