Maswali na Majibu: Kufunga PLC Kwenye Mitambo ya Migodini

*Winchi yetu ya kupandishia mawe inaendeshwa na kabati la rilei (swichi zinazofunga na kuachia kwa nguvu ya umeme), nayo bado inafanya kazi. Kuna haja gani ya kufunga PLC, yaani kidhibiti cha kielektroniki kinachoendesha mashine kwa programu?*

Kama rilei ni chache na vipuri vyake vinapatikana, hakuna haja ya kuharakisha. Kidhibiti hiki kilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya viwanda vya magari, ambako kila toleo jipya la gari lililazimisha nyaya za makabati mazima zifungwe upya. Faida yake haijabadilika: mpangilio wa kazi hurekebishwa kwa programu, na chanzo cha hitilafu huonekana kwenye skrini, wakati fundi wa rilei angali anapima kwa mita waya mmoja baada ya mwingine.

*Michoro ya umeme ya mashine tunayo. Je, inatosha kuandikia programu?*

Ni nadra itoshe, na hapa ndipo miradi mingi huharibikia. Mashine iliyofanya kazi kwa miaka mingi huwa imeongezewa nyaya ambazo hakuna aliyezichora, kwa hiyo fuateni kila waya na muwahoji waendeshaji kabla ya kung'oa chochote. Zaidi ya hayo, rilei huchukua milisekunde kadhaa kufunga au kuachia, na huenda breki ya zamani ilitegemea ucheleweshaji huo bila mtu kuuandika popote. PLC husoma viingizo vyote, hupitia programu, kisha hutoa amri, na kurudia hivyo mfululizo. Inaweza kuamuru mota igeuke nyuma kabla kontakta (swichi kubwa ya umeme inayowasha mota) ya kwenda mbele haijaachia. Wekeni muda wa kusubiri ndani ya programu, lakini kizuizi cha nyaya na kile cha kimakanika kati ya kontakta ya mbele na ya nyuma, vinavyozizuia zisifunge kwa pamoja, visiondolewe kamwe.

*Kitufe cha kusimamisha mashine kwa dharura kiunganishwe na PLC?*

PLC ya kawaida isiachiwe kazi hiyo peke yake, kwa sababu kitoa amri chake kinaweza kukwama kikiwa kimewashwa. Tumieni rilei ya usalama au PLC maalumu ya usalama. Kontakti za kitufe ziwe za kufungika muda wote, yaani zinapitisha umeme hadi kitufe kibonyezwe, ili hata waya ukikatika mashine isimame.

*Vumbi na mtetemo havitaiharibu?*

Vitaiharibu ikifungwa ovyo. Kabati la kiwango cha IP65 huzuia vumbi, na viunganishi vya springi havilegei kirahisi kama vya skrubu. Kwa sensa, chagueni ishara ya mkondo wa miliampia 4 hadi 20: kwa kuwa sifuri ya kipimo ni miliampia 4, waya uliokatika hujulikana mara moja, maana mkondo hushuka hadi sifuri kabisa.

*Tuandike programu kwa lugha ipi?*

IEC 61131-3, kiwango cha kimataifa cha lugha za PLC, kinaruhusu kadhaa. Kwa mantiki ya kuwasha na kuzima napendelea mchoro wa ngazi, lugha inayochorwa kama saketi ya rilei, kwani fundi umeme aliyezoea rilei ataweza kuusoma usiku mhandisi akiwa hayupo.