Brayo anafika 18, shemeji naye anataka hati ya ploti

Mama Brayo wa Umoja ameniandikia barua ndefu usiku, inaonekana alikuwa amekosa usingizi. Kijana wake ana usonji, anaongea maneno machache tu, na mwezi wa tatu anafikisha miaka 18. Benki wamemwambia ile akaunti ya mtoto haitaendelea, kijana aje mwenyewe na kitambulisho aweke sahihi. Baba Brayo alifariki. Sasa shemeji anasema ile ploti ya Ruai, ambayo mama alinunua na pesa ya chama, iandikwe jina lake shemeji "ndio siku ukiwa haupo mtoto awe na mwenyewe." Anauliza: Shangazi, nikubali?

Hapana mamaa, usikubali. Shemeji anaweza kuwa mtu mzuri sana, mimi simjui, lakini hati ikishasoma jina lake hiyo ploti ni yake, akifa kesho watakaoirithi ni bibi yake na watoto wake, na akiwa na deni wanaomdai wataikujia hiyo hiyo. Hakuna mahali kwa hati pataandikwa ati hii ni ya Brayo.

Lakini pia usikimbie upande ule mwingine ukaandika jina la Brayo peke yake. Kuna mzee nilimjua aliandikia msichana wake nyumba, msichana mwenye hali kama hii, aliandika kwa mapenzi tu, afu alipokufa hakuna mtu angeweza kutia sahihi ya kupangisha wala kuuza, ikabidi watu waende Korti Kuu kuomba mtu wa kusimamia hiyo mali, na huo muda wote mtoto analishwa na michango ya kanisa na nyumba iko pale imefungwa.

Sasa hiyo 18. Kwa sheria yetu ya Kenya siku hiyo ikifika Brayo ni mtu mzima, hata kama asubuhi bado ni wewe unamfunga kamba za viatu, na sahihi yako hospitali ama benki haina nguvu ilikuwa nayo. Lakini Sheria ya Watoto ya 2022 inakuruhusu uombe Korti ya Watoto, kwa Nairobi iko Milimani, iongeze majukumu yako ya mzazi yapite hiyo miaka. Peleka ombi sasa, usingoje keki ya birthday. Beba cheti cha kuzaliwa, barua ya daktari anayemjua, na kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kama hana hiyo kadi anza nayo, atapimwa hospitali ya serikali kwanza. Kitambulisho pia achukue akifika umri, na mtu kwa dirisha akikuambia hawezi pewa juu haongei, kataa, vidole anavyo.

Kitu kingine. Wakili akikimbilia kusema Brayo atangazwe hana akili timamu, muulize kijana atapoteza nini akishatangazwa hivyo, na kama hakuna njia nyingine ya kumnyima kidogo zaidi. Umeniambia anajichagulia shati na anajua kukataa githeri. Huyo ni mtu na maoni yake jamani, na Katiba kifungu cha 54 inasema mwenye ulemavu atendewe kwa heshima.

Ploti inataka wosia. Mashahidi wawili wakuone ukitia sahihi, na asiwe shahidi mtu unayemwachia kitu, anaweza kukosa alichoachiwa. Bila wosia mambo huanza na ile barua ya chifu ya kutaja warithi, na watoto kama Brayo ndio husahaulika kwa hiyo barua, ukiuliza unaambiwa "huyo tutamwangalia tu." Ndani ya wosia ama kando, muulize wakili kuhusu trasti ya familia, tangu 2021 sheria inaitambua wazi. Ploti inashikwa na wadhamini kwa faida ya Brayo, si mali yao. Weka watatu: dada yako, mtu wa nje mwenye hesabu safi, na shemeji akitaka awe wa tatu. Mwambie hivyo alafu uangalie uso wake. Na mwenye kukaa na Brayo asiwe ndiye peke yake anashika pesa. Kama pesa ya wakili ni shida nenda Kituo cha Sheria ama FIDA, wanasaidia watu.

Nimechelewa kufika kwa kitu kilinishika zaidi. Umeandika, tena kwa mabano kama kitu kidogo, ati Brayo hanywi chai isipokuwa kikombe cha bluu, na akiumwa hasemi, anagonga sikio. Nani mwingine anajua hiyo? Korti haitauliza. Nunua daftari la kurasa 96 uandike kila kitu, dawa na saa zake, mbona akisikia honi ya matatu anaingia chini ya meza, wimbo wa kumtuliza, nani hapendi amshike mkono. Afu Jumamosi moja mwachie dada yako Brayo na hilo daftari kutoka asubuhi hadi jioni, wewe uende hata saluni. Dada akikurudia na maswali, hayo ndio ulisahau kuandika.