Maswali ya Wasomaji: Mama mmoja, madaftari manne

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu afya ya akili ya wajawazito na ya wazazi waliojifungua karibuni. Tumechagua tatu. Ya kwanza tuliijibu kwa simu siku ileile tulipoisoma, kwa kuwa gazeti la kila mwezi si la kungojewa katika jambo la namna hiyo, na tunaichapisha kwa idhini ya aliyeiandika ili iwafae wengine.

SWALI: Mke wangu alijifungua siku tisa zilizopita. Huu ni usiku wa tatu hajalala, hata mtoto anapolala. Anazungumza kwa haraka, anasema mtoto alibadilishwa wodini na kwamba majirani wa ploti wanamsikiliza kupitia ukutani. Mama yangu anashauri tungoje mchungaji aje Jumapili. (Mume, Pipeline)

JIBU: Bwana, usingoje Jumapili. Mpeleke mkeo hospitalini leo, hata kama ni usiku. Kukosa usingizi ilhali nafasi ya kulala ipo, kuamini mambo ambayo hayapo, na kubadilika ghafla ndani ya wiki mbili za mwanzo baada ya kujifungua ni dalili za maradhi mazito ya akili yanayompata mzazi mmoja au wawili katika kila 1,000. Hayatokei mara nyingi, lakini yakitokea ni dharura sawa na kutokwa na damu. Mtu mzima awe naye wakati wote, na asiachwe peke yake na mtoto. Si kwamba amekuwa mtu mbaya, ila kwa sasa hawezi kuyaamini macho na masikio yake mwenyewe. Nendeni idara ya dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu nanyi, na jambo la kwanza mtakalomwambia daktari liwe kwamba amejifungua siku tisa zilizopita, kwa maana homa ya uzazi nayo inaweza kuleta kuchanganyikiwa kwa namna hii, na tiba yake ni nyingine. Mchungaji akaribishwe, ila akutane nanyi hukohuko hospitalini. Maradhi haya yanatibika, na wanawake wengi hupona na kurudi kulea watoto wao.

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani kwetu, Kayole. Mtaani kwetu kuna kituo cha afya cha kaunti, shirika linalotoa ushauri nasaha, shirika jingine linalowasaidia wasichana waliopata mimba wakiwa shuleni, na sisi wa kanisa. Kila mmoja anasema anawasaidia akina mama wenye msongo wa mawazo. Mwezi uliopita msichana mmoja aliniambia kuwa amesimulia habari zake mara nne, kwa watu wanne wenye madaftari manne, na hakuna hata mmoja aliyerudi kumwona. Sasa tumealikwa kwenye mkutano wa ushirikiano katika hoteli moja mjini. Tukakubaliane nini huko? (Mwenyekiti, Kayole)

JIBU: Mama mwenyekiti, msichana huyo amekwisha kuwaandikia ajenda. Mwombeni ruhusa, kisha maneno yake yasomwe kabla ya hotuba za ufunguzi.

Nami nina langu la kukiri. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa muuguzi katika kliniki ya watoto upande wa Eastlands, mama mmoja alimleta mwanawe kwa chanjo ya wiki ya 14. Nilipofungua kitabu cha kliniki ili niandike uzito wa mtoto, zilidondoka karatasi tatu za rufaa, zimekunjwa mara nne, kila moja na muhuri wake. Zote zilisema jambo moja, kwamba mama amwone mshauri. Nilipomuuliza kwa nini hakwenda, alinijibu bila hasira: ya kwanza ilimpeleka mbali na nauli hakuwa nayo, ya pili aliifuata, akaambiwa mshauri huja Alhamisi tu, ya tatu hakuelewa inamtuma wapi. Ya kwanza, ile ya wiki ya sita, ilikuwa na mwandiko wangu. Katika ripoti yangu ya mwezi ule nilikuwa nimemhesabu miongoni mwa waliosaidiwa, na sina shaka wale wengine wawili nao walimhesabu.

Tangu siku hiyo, nikisikia mashirika yametia saini mkataba wa ushirikiano, huuliza kwanza ile karatasi inabebwa na nani. Kumhoji mama ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Fomu ya Edinburgh, ya kupima dalili za sonona (huzuni nzito isiyoondoka) kwa mzazi, iliyotolewa mwaka 1987, ina maswali 10 tu kuhusu siku saba zilizopita, na hujazwa kwa dakika chache mtoto akiwa begani. Swali lake la mwisho, linalohusu mawazo ya kujidhuru, halipaswi kuulizwa na mtu asiyejua atafanya nini jibu likiwa ndiyo. Kama hamjapanga mama atakwenda wapi, siku gani, kwa nauli ya nani, basi msianze kuuliza. Mtakuwa mnafungua kidonda na kuondoka.

Kwa hiyo ningependa mkutano wenu uanzie kwenye benchi la kituo cha afya. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 unataka huduma ya afya ya akili iingizwe ndani ya huduma za kawaida za mama na mtoto badala ya kujengewa nyumba yake pembeni, na kwa Nairobi ushauri huo unaeleweka haraka. Mama asiyeweza kumwambia mumewe kwamba anakwenda kwa mshauri hahitaji kisingizio ili aende kliniki: mtoto ana chanjo wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha mwezi wa tisa. Mlango tayari uko wazi na mama huja mwenyewe. Mshauri wa lile shirika jirani na ahamie hapo siku za chanjo, hata kama ni chumba cha kuwekea dawa chenye viti viwili. Mjini Cape Town mradi ulioanzishwa mwaka 2002 umefanya hivyo ndani ya hospitali ya uzazi, ambako mama huulizwa hali yake katika kliniki ya wajawazito na mshauri humkuta palepale.

Na wale wasiofika kliniki? Hapo ndipo mnapohitajiwa ninyi wa kanisa pamoja na wahamasishaji wa afya ya jamii, wale ambao serikali iliwapa mikoba ya kazi mwaka 2023 na ambao huzijua nyumba zenye mtoto mchanga kuliko daftari lolote. Wala tusiwadharau kwa kuwa si wataalamu. Huko Rawalpindi, Pakistani, wahudumu wa kike wa vijijini, wasio na shahada yoyote ya saikolojia, walifunzwa kumtembelea na kumsikiliza mama mwenye sonona tangu mwisho wa ujauzito. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa mtoto alipofikisha miezi sita, mama 23 katika kila 100 waliotembelewa hivyo walikuwa bado wagonjwa, ilhali kwa wale waliopata matembezi ya kawaida walikuwa 53. Wengi huyasoma matokeo hayo wakaishia kwenye mafunzo. Mimi nawasihi muangalie jambo jingine: aliyekuja mara ya kwanza ndiye aliyerudi, na kila mwezi wahudumu hao walikuwa na mtu wa kuwasikiliza wao. Akina mama wa kikundi chako watasikia habari za vipigo, za njaa, za watoto waliozikwa. Wasipokuwa na pa kuzitua, baada ya mwaka mmoja watakuwa wamechoka au wamekuwa wagumu.

Sasa madaftari. Kubalianeni kwamba kila mama ana mtu mmoja anayemshika mkono, awe muuguzi, mhamasishaji au mama wa kanisa, na kwamba mtu huyo haachii mpaka ahakikishe mwingine amempokea. Kuhakikisha si kumpa karatasi. Ni kupiga simu mbele yake, kumsindikiza mara ya kwanza, na kuuliza baada ya wiki moja kama alionwa. Habari zake na ziandikwe mara moja, kwa ufupi, na zisipelekwe kwa shirika jingine bila yeye kukubali. Hilo halitegemei hisani yenu: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Nyumbani nako pana hatari ambayo watu wa ofisini huisahau. Kitabu cha kliniki husomwa na mume, na mama mkwe, na wakati mwingine jirani aliyeombwa kumpeleka mtoto. Yale mama aliyoyasema kuhusu kutaka kufa yasiandikwe humo.

Wapo pia wanaonyamaza kwa kuogopa polisi. Kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu hapa Nairobi iliamua kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba. Waambieni akina mama habari hiyo, na wapeni nambari ya simu ya ushauri, 1199, ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambayo haina malipo.

Jambo lililobaki ni la wakubwa. Huko Uingereza kuna muungano wa afya ya akili ya wazazi ulioanza mwaka 2011 ambao sasa una mashirika zaidi ya 100, na kazi yake kubwa ni kuidai serikali huduma kwa sauti moja. Afya nchini mwetu imekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013. Mkienda City Hall, makao ya serikali ya kaunti, wakati wa maoni ya bajeti mkiwa wanne wenye ombi moja, kwa mfano mshauri wa kudumu katika kituo chenu, mtasikilizwa tofauti na mkienda kila mmoja na lake. Lakini lifanyeni baada ya kumrudia yule msichana. Na wafadhili wakiuliza mmewahoji wangapi, wapeni idadi ya waliofika.

SWALI: Nilizaa watoto saba na hakuna aliyeniambia nina msongo wa mawazo. Siku hizi kila msichana akijifungua ana ugonjwa wa akili. Umetoka wapi? (Nyanya, Dagoretti)

JIBU: Shikamoo, nyanya. Ugonjwa ulikuwapo, ila haukuwa na jina. Aliyeupata aliitwa mvivu, au ilisemwa amelogwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi kama yetu wajawazito wapatao 16 kati ya 100, na karibu 20 kati ya 100 waliokwisha kujifungua, hupatwa na maradhi ya akili, hasa sonona. Machozi ya siku ya tatu au ya tano yasikutishe, kwa kuwa huisha yenyewe kabla ya wiki mbili. Yakipita hapo, au mama akikosa hamu ya kula na ya kumtazama mwanawe, aende kliniki. Mwanao wa kiume naye mwangalie, kwa sababu uchunguzi uliokusanya habari za nchi nyingi ulikuta baba mmoja hivi katika kila 10 akipatwa na sonona wakati huo.

Katika jambo moja, hata hivyo, uko sahihi kuliko unavyodhani. Wewe ulipojifungua huenda ulikuwa na arobaini yako: mtu wa kukupikia uji, wa kukuchotea maji, wa kumbeba mtoto ulale. Binti mkwe wako yumkini yuko chumba kimoja ghorofa ya tano, mumewe ni mlinzi wa zamu ya usiku, na maji hupandishwa kwa mtungi. Ukienda kumwona wiki hii, fua nepi, na kabla ya kuuliza kama mtoto ananyonya, muulize yeye amekula nini tangu asubuhi.