Mzazi akitaka kuhamia nyumba za wazee huku Marekani, ulizeni haya kabla ya kusaini

Nimeulizwa sana na watu wa nyumbani walioko huku, mzazi akitaka kuhamia nyumba za wazee tuangalie nini, manake wanajua tulimsaidia mama kuhamia kwenye nyumba za wazee wanaojitegemea hapa Minnesota, zile kibaoni zimeandikwa independent living. Na kabla sijaanza, wale wanaosema ati ni kumtupa mzazi, mama mwenyewe ndo alitaka, amechoka kukaa peke yake mchana kutwa sisi tuko kazini na nje barafu tupu.

Kitu kikubwa kuliko vyote ni mjue mnalipia nini. Pale ni kodi, chakula, usafi, gari la kuwapeleka dukani na kwa daktari, saa zingine kamba bafuni ya kuvuta kuita msaada mtu akianguka. Uangalizi haumo, hakuna nesi wa kuja kumpa mzee dawa zake. Kwa hivyo kama mzee ameanza kusahau jiko likiwaka, jamani hapo si pake, huyo atafutiwe nyumba yenye wasaidizi, na hapa Minnesota hizo tangu Agosti 2021 lazima ziwe na leseni ya jimbo, ulizeni muonyeshwe.

Sasa pesa. Medicare, ile bima ya afya ya serikali kuu kwa wazee, hailipi hiyo kodi hata senti. Watu wanachanganya kwa sababu inalipia nyumba ya uuguzi, lakini ile ni ya muda tu, mwisho siku 100, tena baada ya mtu kulazwa hospitali si chini ya siku 3, na kuanzia siku ya 21 mgonjwa anachangia. Medicaid nayo, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, haigusi kodi, ila mzee mwenye kipato kidogo inaweza kumlipia msaidizi wa kuja kwake. Hiyo kodi basi itoke kwenye Social Security yake (malipo ya uzeeni ya serikali), pensheni, akiba, nyumba aliyouza, ama mifukoni mwenu. Na kama mzee kaja juzi juzi kwa green card ya mwanawe, Social Security ya uzeeni inataka awe amefanya kazi na kukatwa kodi ya mshahara huku kama miaka 10, kwa hivyo msiipigie hesabu. Kaeni kikao cha familia kila mtu aseme atatoa ngapi kwa mwezi na iandikwe, manake kwenye WhatsApp wote mtasema tuko pamoja halafu baada ya muda mzigo unabaki kwa dada mmoja, nimeliona hili kwenye familia nyingi na linaniuma sana.

Kama pesa ni kidogo kweli, kuna majengo ya serikali kuu ya mpango unaoitwa Section 202, ni ya wenye kipato cha chini wa miaka 62 kwenda juu, na mpangaji analipa kama asilimia 30 ya kipato chake. Foleni ni ndefu, jazeni fomu mapema na sehemu nyingi, msingoje mpaka mzee avunjike nyonga.

Kuna na zile zinazotaka kiingilio kikubwa kwanza, halafu zinaahidi mzee akizidiwa atahamishiwa upande wa uuguzi hapo hapo. Hizo msisaini bila wakili wa mambo ya wazee. Akifariki ama akihama kinarudi kiasi gani, na lini? Kwingine mnangoja mpaka chumba kipate mtu mwingine.

Chakula sisi kilitusumbua. Mama hali nguruwe wala nyama isiyochinjwa, na kodi imejumlisha milo ya ukumbini, basi tukaomba watukatie hela ya milo asiyokula. Kwingine walikataa, alikohamia walikubali na tukahakikisha imeingia kwenye mkataba, manake maneno ya mdomoni ya afisa wa mauzo hayana nguvu akishaacha kazi. Hapo hapo ulizeni kodi imepanda kiasi gani kila mwaka kwa miaka mitatu iliyopita. Halafu rudini wikendi saa ya chakula mkae na wazee wenyewe, wale watawaambia kama lifti inaharibika.

Na mawakala wa kutafutia wazee nyumba bure, wengi wanalipwa na hizo hizo nyumba, kwa hivyo watakuonyesha zile zinazowalipa. Walioko Minnesota pigeni Senior LinkAge Line, ni huduma ya jimbo ya kuwashauri wazee na familia zao kwa simu, hamlipi kitu, na mkiomba mkalimani mnapata.