Uzee gani huu wa usiku mmoja?

SWALI: Daktari, salaam. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 58. Wiki tano zilizopita niliwekewa stenti, kile kijibomba cha kuuacha wazi mshipa wa moyo, nikaanzishiwa dawa za kuzuia damu isigande: klopidogreli miligramu 75 na aspirini ndogo kila siku. Siku ya 12 niliamka vifundo vya mikono vimevimba na vina moto, pete haivuki kidole. Homa kidogo, ikapita. Kisha magoti. Sasa hata kutunga sindano namwachia mjukuu. Jirani anasema ni uzee. Uzee gani huo unaoingia kwa usiku mmoja? Niache dawa? Au ninywe diklofenaki?

JIBU: Mama, usiiache hata siku moja kwa uamuzi wako. Stenti ikiwa bado mpya, chembe sahani, zile chembe za damu zinazoigandisha, huing'ang'ania, damu ikaganda juu yake na mshipa ukaziba. Hapo ni mshtuko wa moyo, na wengi hawaponi. Kuibadilisha dawa hiyo ni kazi ya daktari wako wa moyo, naye ataweka nyingine mahali pake.

Kuhusu uzee, niko upande wako. Ni nadra klopidogreli kuleta uvimbe wa viungo, lakini madaktari wamekwisha kuuona: huanza zaidi katika wiki mbili tatu za mwanzo, hushika viungo kadhaa, huja na homa, pengine na vipele. Dawa ikibadilishwa, kwa kawaida hupoa. Ile siku ya 12 uliyoihesabu ina thamani kubwa. Wengi huniandikia "juzijuzi" tu.

Hata hivyo, omba pia upimwe asidi ya yuriki, aina ya taka iliyomo katika damu. Aspirini ndogo huifanya ibaki mwilini, na ikizidi huleta jongo, ingawa jongo hupenda kuanzia kiungo kimoja, hasa kidole gumba cha mguu. Ikionekana iko juu, mkumbushe daktari kabla hajakuhamishia tikagrelori, dawa nyingine ya kazi ileile ya klopidogreli, maana nayo huipandisha.

Diklofenaki hapana. Juu ya dawa hizo mbili inaweza kukutoa damu tumboni, na kwa moyo wenyewe ni hatari. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa. Goti moja likijaa ghafla kuliko jingine, nenda siku hiyohiyo. Huenda ni damu imevujia ndani. La sivyo, nenda wiki hii, usingoje tarehe ya kliniki. Na pete hiyo ivue sasa, kwa sabuni, kabla haijahitaji kukatwa.