Ukitaka Kufadhili Chekechea Mtaani, Anza na Uji, Kodi na Mshahara

Mfadhili akifika Mukuru au Mathare, mitaa ya mabanda ya Nairobi, huuliza kwanza pa kujenga darasa. Jengo lafaa kuwa la mwisho kufikiriwa. Vituo vingi viko kwenye vyumba vya mabati vya kukodi, na ardhi yenyewe haina hatimiliki. Julai 2018 shule kadhaa za Kibera zilibomolewa kupisha barabara. 2021 tingatinga likafika Mukuru kwa Njenga. Baada ya mafuriko ya 2024 ikawa zamu ya waliojenga kandokando ya mito. Ukilazimika, nunua vinavyobebeka: tangi la maji, mikeka, sufuria.

Chukua kituo cha watoto 40. Gramu 40 za unga wa uji kwa kila mtoto ni kilo 1.6 kwa siku, kilo 8 kwa wiki, karibu kilo 100 kwa muhula. Usiununue wote kwa pamoja. Chumba cha mabati kina joto na unyevu, na unga ukianza kuvunda huweza kuwa na sumukuvu ambayo jicho halioni. Wa wiki mbili unatosha. Kama umechanganywa na soya, hakikisha soya ilikaangwa au kuchemshwa kabla ya kusagwa. Kisha ongeza makaa, sukari na maji ya mitungi. Bajeti ya unga mtupu humfanya mwenye kituo auze kilo mbili apate makaa, halafu mfadhili aje kumwita mwizi.

Uji ukianza kunukia, watoto wa kituo jirani huhamia. Huku wanafika 70 bila mwalimu wa pili, kule mama wa watu anafunga mlango. Ndiyo maana ni heri kusaidia vituo vitatu au vinne vya eneo moja, hata kama kila kimoja kitapata kidogo.

Chini ya Katiba ya 2010, chekechea ni jukumu la kaunti, lakini walimu inaowaajiri ni wa vituo vya umma. Wa vituo vya mabati wanategemea karo, na karo ya mitaani mara nyingi hulipwa kwa siku: mzazi akipata kibarua analipa, akikosa mtoto anabaki nyumbani au anapokelewa kwa deni. Likizo ikifika mapato hukatika, na mwalimu uliyemlipia mafunzo anakwenda kuuza dukani. Mlipe miezi 12, si miezi ya muhula tu, na pesa zitumwe kwa M-Pesa kwenye simu yake mwenyewe.

Karo usiifute. Wazazi waliozoea bure hawarudi kulipa ukiondoka. Fidia pengo kati ya kinachokusanywa na gharama halisi, na familia zilizokwama kabisa zitajwe na wazazi wenzao, wanaozijua.

Kodi ilipwe na mwenye kituo, kwa jina lake. Landilodi akiona kibao chenye nembo ya shirika mlangoni, mwezi ujao bei inapanda. (Kibao kinamfaa mfadhili peke yake.)

Rejista husema mengi, mengine si kweli. Fika bila taarifa saa nne asubuhi, siku mbili tofauti, uhesabu vikombe vya uji vinavyogawiwa. Hiyo ndiyo idadi ya kufadhili.

Mkataba uwe wa miaka mitatu angalau, msaada ukipungua polepole. Chekechea za Madrasa, mpango ulioanza Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, zilijaribu njia nyingine: jamii inachanga, mfadhili anaongezea, pesa zinawekezwa, faida inasaidia gharama za kila siku. Kwa wapangaji wanaohamahama ni vigumu zaidi, ila hata akiba ya kodi ya miezi mitatu huokoa kituo pesa za mfadhili zikichelewa. Tarehe ya msaada kukoma iandikwe tangu mwanzo, na mwenye kituo aijue kabla ya kuandikisha watoto wa Januari.